Shangazi, Wameniambia Riwaya Yangu Si Riwaya

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikikusoma kimyakimya kwa muda mrefu, leo imebidi nami niandike. Nina mswada. Ni riwaya yangu ya kwanza, nimeiandika kwa miaka mitatu, usiku usiku baada ya kazi, na nimeamua kujichapishia mwenyewe kwa sababu wachapishaji wawili niliowapelekea hawakunijibu hata kwa matusi.

Kisa chenyewe ni cha fundi saa mzee. Watu wanamletea saa, hawarudi kuzichukua. Yeye anaendelea kuzitia ufunguo kila asubuhi, ukuta mzima, na hakuna hata mbili zinazokubaliana. Binti yake aliondoka nyumbani zamani, na tangu siku hiyo mzee hajawahi kufunga kibanda mapema. Ndiyo hivyo tu. Hakuna vita wala majambazi.

Nilipomaliza, kompyuta iliniambia nina maneno 38,000. Kwa furaha nikamwonyesha rafiki yangu mmoja ambaye naye anaandika na ameshatoa vitabu viwili. Hakusoma hata aya moja. Alitazama ile namba pale chini akasema, "Hii si riwaya, ni hadithi fupi iliyonenepa. Chini ya 50,000 hakuna riwaya. Msomaji akitoa hela yake anataka kitabu cha kumtosha."

Yale maneno yalinikaa rohoni. Nikarudi mezani, nikaongeza kwa miezi saba. Nilimpa fundi saa mpwa, ofisa wa forodha aliyejiingiza kwenye magendo. Huyo peke yake amekula kama maneno 18,000. Nikaweka utangulizi wa ndoto. Nikaongeza mvua. Shangazi, mvua inanyesha sana kwenye kitabu changu siku hizi. Sasa mswada una maneno 62,000 na ukiuchapa unaonekana kitabu hasa.

Tatizo ni kwamba nimewapa watu watano wausome. Wawili wamemaliza. Watatu wameishia sura ya tisa, kila mmoja kwa wakati wake, na hawajuani. Mmoja ameniambia, "Nitamalizia tu, kazi zimenibana," na namjua, hakosi mpira hata usiku mmoja. Mama yangu ndiye aliyesoma ule wa kwanza, mfupi. Aliumaliza kwa siku mbili, akauliza, "Sasa huyu binti alikwenda wapi?" Nikamwambia mama, hilo si muhimu, kitabu ni cha fundi. Mimi habari za binti nimezimaliza kwa sentensi moja: "Mwaka ule binti yake aliondoka."

Mpiga chapa naye ana yake. Anasema nikichagua ule mfupi, niongeze ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari ili kitabu kipate mgongo. Rafiki yangu anasema niugawe ule mrefu uwe juzuu mbili, nitauza mara mbili.

Nichapishe upi? Na je, wasomaji kweli wanajali urefu, au ni sisi waandishi tu tunaohesabu?

Mimi,
Mwenye Kitabu Chembamba

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo rafiki yako, maana ndiye aliyekugharimu miezi saba. Mtu aliyetazama namba chini ya skrini akafunga, hajasema lolote kuhusu kitabu chako. Amezungumzia namba. Basi tuzizungumze hizo namba, tuzimalize.

Hiyo 50,000 watu wengi wameizoea kutokana na shindano la kuandika riwaya kwa mwezi mmoja lililoanzia Marekani mwaka 1999. Lengo lilikuwa maneno 50,000 kwa siku 30, yaani kama 1,667 kwa siku. Ni kipimo cha jasho. Kilikusudiwa kumfanya mtu mwoga aandike bila kugeuka nyuma, hakikukusudiwa kumwambia msomaji kitabu ni nini. Tuzo za Nebula na Hugo, ambazo ni za hadithi za sayansi na za njozi, zenyewe zinaiita kazi riwaya kuanzia maneno 40,000, na kuanzia 17,500 hadi chini ya 40,000 ni novela, yaani riwaya fupi. Wao walihitaji mpaka ili wajue kazi ipi ishindane na ipi. Ukivuka 40,000 kwa neno moja hakuna kinachobadilika ndani ya kitabu.

Tena hizo ni hesabu za Kiingereza. Chukua "hawakunisaidia". Kwetu ni neno moja. Mwingereza anahitaji matano. "Nitakapowaandikia" hali kadhalika. Na hatuna vile vineno vidogo wanavyovitanguliza mbele ya nomino zao. Sisemi uzidishe mara tano, kwa sababu nasi tuna "wa" na "ya" na "kwa" zetu tele, lakini maneno 38,000 ya Kiswahili yamebeba shehena kubwa kuliko 38,000 ya Kiingereza. Anayekupimia kwa namba yao anakushonea suruali kwa vipimo vya mguu wa mtu mwingine. Wajerumani, ambao nao wana maneno marefu, hupima mswada kwa ukurasa wa kiwango: mistari 30, kila mmoja nafasi 60 za herufi. Warusi hupima kwa mafungu ya herufi 40,000. Ukitaka kujilinganisha na mtu wa lugha nyingine, hesabu herufi. Kompyuta yako inaweza. Ni palepale ulipoiona ile 38,000.

Namba nimezimaliza. Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo zuri: nani hasa anajali?

Ukichunguza vizuri utaona urefu wa riwaya mara nyingi umeamuliwa na anayelipa, na namna anavyolipa. Uingereza, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, riwaya ya heshima ilikuwa ya juzuu tatu. Kwa nini tatu? Kulikuwa na maktaba kubwa za kuazimisha vitabu kwa ada, iliyovuma zaidi ikiwa ya Mudie. Mwanachama wa ada ya chini aliruhusiwa juzuu moja kwa wakati. Kitabu cha juzuu tatu, basi, kiliweza kuwa mikononi mwa wanachama watatu siku moja. Maktaba zikataka tatu, wachapishaji wakadai tatu, na waandishi wakavuta visa kama mpira, wakatia barua ndefu na mjomba asiye na kazi. Mwaka 1894 maktaba hizo zikagoma kulipa bei ya zamani, na ndani ya miaka michache juzuu tatu zikafa. Wasomaji hawakuandamana kuzidai.

Usidhani ni mambo ya kale. Julai 2015 Amazon ilibadili malipo ya waandishi waliomo katika huduma yake ya kusoma kwa ada ya mwezi. Kabla ya hapo mwandishi alilipwa kwa kila kitabu kilichoazimwa na kusomwa zaidi ya sehemu ya kumi. Baada ya hapo akalipwa kwa kila ukurasa uliosomwa. Chini ya utaratibu wa kwanza ilikuwa faida kuandika vijitabu. Chini ya wa pili ilikuwa faida kuandika magunia, na wajanja wakaanza kushindilia vitabu vya zamani nyuma ya vipya ili kurasa ziwe nyingi, mpaka kampuni ikaweka kikomo cha kurasa 3,000 kwa kitabu.

Sasa jiulize wewe uko upande gani wa hesabu hiyo. Unachapisha kwenye karatasi, kwa pesa zako. Hakuna anayekulipa kwa ukurasa. Wewe ndiye unayelipa kwa ukurasa! Tukikadiria maneno 250 kwa ukurasa wa kitabu cha kawaida, mswada wako wa kwanza ni kurasa kama 152 na wa pili kama 248. Tofauti ni kurasa 96, ambazo kwa mpiga chapa anayekunja kurasa 16 kwa karatasi ni karatasi sita zaidi kwa kila nakala. Ukitoa nakala 300, umenunua kurasa 28,800 za mpwa na mvua. Mhariri akitoza kwa neno, gharama yake imepanda karibu theluthi mbili. Kitabu nacho kitakuwa kizito zaidi kutuma, na itabidi upandishe bei, kwa kitabu cha kwanza cha mtu ambaye hakuna anayemjua. Sioni rafiki yako akikuchangia.

Wasomaji je? Wanajali, ila wanachojali hakifanani na wanachokisema. Msomaji wa njozi, zile za falme na ramani ukurasa wa mbele, anataka kukaa humo wiki mbili. Mpe kurasa 150 atahisi umemfungulia mlango ukamfungia usoni. Msomaji wa kisa cha upelelezi anataka kumaliza kabla ya kulala. Na kisa kama chako, mtu mmoja, kibanda kimoja, ukuta mmoja wa saa? Hicho kinaishi kwa kuminywa. Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, vitabu vyembamba vya kutia mfukoni, na mpaka leo wasomi wanavivulia kofia. Shamba la Wanyama la Orwell, ambalo Fortunatus Kawegere alilileta kwa Kiswahili mwaka 1967, kwa Kiingereza chake ni maneno kama 30,000 tu. Hakuna aliyewahi kulirudisha akidai lililobaki. Wembamba wa reli, treni inapita.

Kuna malalamiko ya ufupi ambayo ni halali, na haya usiyapuuze. La kwanza ni la aliyedanganywa. Ukiandika "riwaya ndefu ya kusisimua" nyuma ya kitabu cha kurasa 150, umejitakia. Andika idadi ya kurasa mahali inapoonekana, weka bei inayolingana nayo, na kama neno "novela" halikukeri, litumie bila haya. La pili wengi hawalijui. Anayesoma kwenye simu haoni unene, anaona asilimia. Anayesoma kwenye karatasi kidole gumba cha kulia kinamwambia kurasa zinaisha, anajiandaa. Wa simu anaona asilimia 85, anavuta pumzi kwa ajili ya sura mbili zaidi, ghafla hadithi imekwisha na kilichobaki ni shukrani zako, wasifu wako na matangazo ya kitabu kijacho. Atasema mwisho umekatwa. Kitabu kikiwa kifupi, zile kurasa za nyuma zinameza asilimia kubwa zaidi, kwa hiyo ukija kutoa toleo la simu, zipunguze ziwe mbili tatu.

Huyo mpiga chapa, mshukuru kisha umkatalie. Kurasa 150 zina mgongo wa kutosha kuandika jina. Amazon wenyewe, kwa vitabu vyao vya jalada laini, wanaruhusu maandishi kwenye mgongo kuanzia kurasa kama 80. Herufi za kuvimbishwa na mistari iliyoachana kama watu waliogombana, msomaji huzitambua kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza, na huanza kujiuliza unaficha nini.

Juzuu mbili? Hapana. Mswada uliokatwa katikati haugeuki juzuu mbili, unakuwa kitabu kimoja chenye jeraha. Ila huyo mpwa wa forodha na maneno yake 18,000, kwa kipimo kile cha tuzo tayari ni novela inayojitegemea. Mtoe humo, mweke pembeni. Huenda ana kitabu chake siku moja, chenye mjomba fundi saa anayepita kwa mbali. Huko atapumua. Kwa fundi saa yuko kama mgeni aliyekuja na mabegi bila taarifa. Na ni wazi anaingia sura ya tisa. Hukuniambia, lakini watu watatu wasiojuana hawaangushi kitabu mahali pamoja kwa bahati mbaya. Usiwaulize kama walikipenda, watakuonea haya. Waulize walikuwa wapi kwenye hadithi walipokiweka chini.

Hapo ndipo nilitaka kufika, na ningeweza kuanzia hapo, ila najua ungeendelea kuniuliza habari za namba.

Mwanangu, kitabu chako cha kwanza kilikuwa na upungufu kweli. Rafiki yako alipatia kwa bahati, kama ile saa iliyosimama inayosema kweli mara mbili kwa siku. Labda unayo mojawapo ukutani mwa mzee wako. Upungufu huo uko mahali pamoja tu, na mama yako aliuwekea kidole. Fundi hafungi kibanda mapema. Anatia ufunguo saa za watu wasiorudi. Kitabu kizima ni mtu anayemsubiri mtu, halafu yule anayesubiriwa umempa maneno matano. Nimeyahesabu: mwaka, ule, binti, yake, aliondoka. Ukasema si muhimu. Ulipoambiwa kitabu ni kifupi, ukaongeza maneno 24,000 kila mahali isipokuwa pale.

Nimehariri miswada mingi kabla macho hayajanichosha, na nimeona hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mwandishi huruka tukio ambalo linamtisha kuliandika. Sijui ni nini kinachokutisha katika kuondoka kwa binti huyo na sitakuuliza. Lakini usiku ule nani alikuwa macho? Alibeba nini? Mzee alikuwa akitengeneza saa ya nani, na je, aliimaliza? Kuna mswada unaokuwa mfupi kwa sababu umekamilika, na kuna unaokuwa mfupi kwa sababu mwenyewe alipita mbio mlangoni mwa chumba fulani. Kwa hesabu ya maneno vinafanana. Mama yako aliona tofauti bila kuhesabu.

Kwa hiyo usichapishe wowote kati ya hiyo miwili. Chukua ule wa 38,000. Ile 62,000 ihifadhi kwenye faili lake, usiifute, maana huenda kuna aya mbili tatu za mvua zilizo nzuri na utazitaka. Kisha andika sura hiyo moja. Inaweza kutoka maneno 3,000, inaweza kutoka 9,000. Ikitoka fupi na ikakutoa jasho, iache fupi. Ikikuvusha 40,000 rafiki yako atadhani umemsikiliza, na huna haja ya kumsahihisha. Baada ya hapo tafuta wasomaji wapya. Wale watano wameshajua kisa na masikio yao yameharibika. Watatu watatosha. Na mhariri, mwanangu, umlipe kwa pesa za zile kurasa 96 ambazo hutazichapa.

Ile sentensi ya maneno matano usiitupe. Ianzishie sura.

Ukimaliza mpe mama yako asome hiyo sura peke yake, usimwambie ina kurasa ngapi, kisha uniandikie alichouliza.

Shangazi